Kesi ya Sabufa

Nyumba za kupanga za Dar es Salaam zina mahakama zake, na kesi inayounguruma mara nyingi kuliko zote ni ya umeme. Vyumba saba, mita moja ya LUKU, na kila mpangaji anaapa kwamba kwake kuna taa na simu tu. Umeme ukiisha penalti ikiwa imeshawekwa kwenye nukta, hakuna anayejisumbua kuchunguza uniti zimekwenda wapi. Mshtakiwa anajulikana: yule kijana wa sabufa.

Katika nyumba moja ya Tabata hukumu yake ilishatolewa zamani. Kila chumba kilichanga shilingi 10,000 kwa mwezi, yeye akachanga 15,000. Hakuna aliyepima kitu. Upande wa mashtaka ulikuwa na vielelezo viwili: kwanza, kuta zinatikisika kila Jumamosi, pili, boksi la sabufa lenyewe limeandikwa PMPO wati 8,000. Mwendesha mashtaka, mzee mstaafu wa chumba cha kona, alilisoma boksi hilo kwa sauti mbele ya kikao kama anayesoma hati ya kiapo. Kijana hakuwa na la kujibu. Wakati huohuo, upande wa pili wa ukuta, friza la mama anayeuza barafu lilikuwa linaguna taratibu tangu alfajiri, na hakuna aliyeligeukia.

Uniti zilipozidi kukimbia, mwenye nyumba akatoa amri: kuanzia saa nne usiku kila kitu kichomolewe ukutani. Kila kitu! Akawa anapita mlango hadi mlango na tochi, akikagua chaja.

Matokeo ya usiku wa kwanza yalionekana asubuhi. Barafu za ubuyu zilikuwa zimerudi kuwa juisi, na vibua vya watu vilivyohifadhiwa humo vimeanza kutoa harufu ya kutafuta ugomvi. Friza lilipochomekwa tena, kompresa iliunguruma bila kupumzika hadi mchana, maana joto lililoingia usiku kucha lilibidi litolewe lote. Hesabu ya amri ile ilikuwa akiba ndogo sana ya umeme na hasara ya ndoo mbili za mtaji. Simu nazo ziliamka hazina chaji, na mwalimu wa chumba cha tatu, ambaye simu yake ndiyo saa yake ya kuamkia, aliwahi kazini kipindi cha pili.

Hapo ndipo mpwa wa mwalimu, kijana anayesomea ufundi umeme, alipoomba ruhusa ya kuleta ushahidi wa kitaalamu. Kwenye uso wa mita huwa pameandikwa mara ngapi taa ndogo nyekundu itakonyeza kwa kila uniti inayoliwa. Ya nyumba hiyo ilikuwa 1,000. Kwa hiyo ukizima vyote, ukawasha kimoja, ukahesabu sekunde kati ya konyezo moja na jingine, utajua kinakula wati ngapi. Usiku ule wapangaji wote walibeba viti hadi barazani wakaketi mbele ya mita, wengine na karanga.

"Zimeni vyote," mpwa akasema. Vikazimwa. Taa ilitakiwa itulie. Haikutulia. Ilikonyeza, na kabla mtu hajahesabu nne ikakonyeza tena.

"Kuna kitu cha kama wati 1,000 kinawaka humu ndani."

Watu wakatazamana. Kisha upepo wa uani ukaleta jibu, nalo lilikuwa na nazi na hiliki. Ikafuatwa harufu mpaka chumba cha kona. Nyuma ya mlango wa mwendesha mashtaka kulikuwa na jiko la koili, na juu yake sufuria ya maharage iliyokuwa na saa nzima motoni. Marufuku ya majiko ya umeme imo kwenye mkataba wa nyumba hiyo, na aliyependekeza iandikwe ni yeye.

"Haya ni ya wagonjwa," mzee alisema, ingawa mgonjwa hakuonekana.

Saa mbili za jiko la namna hiyo ni uniti mbili kamili. Mpwa, ambaye alikuwa na heshima zake, hakumkemea. Alimwambia tu kwamba jiko la presha la umeme, hili linalopigiwa debe siku hizi na wahamasishaji wa nishati safi ya kupikia, huivisha maharage kwa chini ya saa moja, tena sehemu kubwa ya muda huo limejizima lenyewe kwa sababu joto limefungiwa ndani. Koili iliyo wazi hupasha sufuria, chumba na shingo ya mpishi.

Upimaji ukaendelea. Pasi: konyezo kila sekunde tatu na nusu wakati inapasha, kisha inatulia ikishapata moto, kisha inaanza tena. Anayenyoosha shati moja kila asubuhi anailipia pasi ipate moto upya kila siku, na ndiyo maana kunyoosha nguo za wiki kwa mkupuo mmoja kuna nafuu. Halafu ikaja zamu ya mwalimu. Yeye ni mtu wa Njombe, na miaka yote aliyokaa Dar es Salaam haijamshawishi kuoga maji ya baridi, hata Januari. Ana hita ile ya kutumbukiza kwenye ndoo. Kupasha ndoo ya lita 20 kutoka nyuzi 25 hadi 45 kunachukua karibu nusu uniti, utumie hita ya kisasa au ya babu, kwa kuwa maji hayana upendeleo. Kwa mwezi ni kama uniti 14.

Kijana wa sabufa aliitwa mwisho, akaamriwa apige kama anavyopiga Jumamosi. Alitii kwa moyo mkunjufu. Kuku wa jirani waliamka, mtoto akalia, kioo cha dirisha kikacheza. Macho yote kwenye mita. Kimya cha taa. Dakika ikapita. Nusu dakika nyingine. Ndipo taa ikakonyeza, mara moja, kwa uvivu.

Wati 40. Zile 8,000 za kwenye boksi ni za muuzaji, hazijawahi kupita kwenye waya wa nyumba yoyote. Namba ya kweli iko kwenye kibandiko cha nyuma, pale wanapoandika matumizi, na ilisema 60 kwa kiwango cha juu. Kwa saa tatu kila siku, muziki wote wa mwezi ulikuwa hauzidi uniti nne. Kijana alikuwa akitozwa shilingi 5,000 za ziada kwa umeme usiofika 1,500.

Aibu ya kikao ilikuwa kubwa, lakini haikufika ile ya ving'amuzi. Tangu matangazo ya analojia yalipozimwa Dar es Salaam mwishoni mwa 2012, king'amuzi kimekuwa mwanafamilia, na nyumba ile ilikuwa navyo vitano. Kila mwenye nacho aliamini kwamba akibonyeza rimoti na kijitaa kikageuka chekundu, kimelala. Vingi, hasa vya zamani, havilali. Kijitaa hubadilika rangi huku ndani kazi ikiendelea karibu kama kawaida. King'amuzi cha wati 10 kisichochomolewa kinakula uniti saba kwa mwezi, karibu mara mbili ya sabufa. Vitano ni uniti 35 na ushee, na havijawahi kutikisa ukuta wa mtu.

Ulaya waliliona hili mapema. Tangu 2013 sheria yao imezitaka runinga na vifaa vingi vya nyumbani vinavyouzwa huko visizidi nusu wati vinapokuwa vimezimwa kwa rimoti. TV za chogo zilizokuja kwa mtumba kabla ya hapo hazikupata taarifa.

Na chaja, zile alizokuwa akizisaka mwenye nyumba kwa tochi? Chaja nzuri isiyo na simu hula kama sehemu moja ya kumi ya wati. Kwa hesabu, wangengoja saa 100 kupata makonyezo kumi, na huenda mita isingeihesabu kabisa ikiwa peke yake. Mwenye nyumba alikohoa akasema tochi yake pia imeisha betri.

Likabaki friza. Lilikonyeza kila sekunde 24, yaani wati 150 hivi, na tatizo lilikuwa kwamba halikuacha. Friji la nyumbani lililotulia hupumzika zaidi ya nusu ya siku. La barafu linapewa maji ya vuguvugu upya kila jioni, kwa hiyo hufanya kazi hadi saa 20 kwa siku: uniti tatu, au 90 kwa mwezi. Mpwa akalikagua. Lilikuwa limebanwa kwenye ukuta unaopigwa na jua la alasiri, mgongo umejaa vumbi, na alipoubana mlango na noti ya 1,000 kisha akaivuta, noti ilitoka kama imeteleza kwenye mafuta. Mpira ulikuwa umechoka.

Lakini lililowauma zaidi lilikuwa hesabu nyingine. Kwa viwango vilivyoanza kutumika mwaka 2016, mteja wa nyumbani asiyezidi uniti 75 kwa mwezi hulipa shilingi 100 kwa uniti. Aliye kwenye daraja la kawaida hulipa 292. Ongeza kodi na tozo, inakuwa kama 122 dhidi ya 356. Mita yao moja ilikula zaidi ya 200, kwa hiyo hata mwenye taa moja kweli alinunua umeme kwa bei ya mfanyabiashara. Wakamgeukia mwenye nyumba, nani atalipia mita za kila chumba? Mwenye nyumba akakumbuka ana safari ya alfajiri.

Kikao kikaamua mama wa barafu alipe 30,000. Mwendesha mashtaka, aliyekuwa amepata nguvu tena baada ya maharage kuiva, ndiye aliyesoma uamuzi. Mama wa barafu hakubisha. Alifungua ncha ya khanga, akatoa kidaftari, akasema atalipa yote siku hiyohiyo, ila kwanza nao walipie walivyoweka kwenye friza lake bure, kila kimoja na tarehe yake. Akaanza kusoma: chumba cha kona, paja la mbuzi, tangu Idi.