Waraka kwa Majirani wa Mabwawani

Waheshimiwa majirani, wenye nyumba na wapangaji,

Nimeletewa barua ya kulalamikia harufu ya mabwawa ya majitaka, nami niitie saini. Nimeisoma. Imeandikwa vizuri mno, na ndiyo maana kalamu yangu imesita.

Barua inasema mabwawa yamewekwa "karibu na makazi ya watu". Kumbukumbu zetu ni fupi. Mabwawa yalitutangulia, na viwanja vya ukingoni viliuzwa bei poa kwa sababu ambayo kila mnunuzi aliinusa siku ya kwanza.

Inasema pia kwamba maji ya bwawa la pili yamegeuka kijani, eti ushahidi wa uzembe. Hapo naomba ruhusa ya kumpinga mwandishi wetu msomi. Majitaka huanzia kwenye bwawa lenye kina kirefu. Tope hutuama, na bakteria wasiohitaji hewa huanza kulimeng'enya. Kwenye bwawa la pili kina hupungua, na ule ukijani ni miani, viumbe vidogo vya majini vinavyotoa oksijeni mchana kutwa ili bakteria wengine wamalizie uchafu. Mabwawa ya mwisho ni mapana na ya kina kifupi: jua huua vijidudu, mayai ya minyoo huzama. Hakuna mashine wala dawa. Umeme ukikatika, na Dar tunajua unavyokatika, kazi haisimami. Mabwawa yanadai jua, ambalo ni la bure, na siku za kutosha. Siku hizo ndizo tunazoziiba.

Bwana mwenye geti jeusi, mabomba ya paa lako yanaingia kwenye chemba ya majitaka. Si wewe peke yako. Ukianza kuhesabu mtaani utachoka. Masika ikifika, maji ya mapaa hujaza mabwawa na kuyasukuma majitaka nje kabla hayajaiva. Yanayotoka mabwawa ya Vingunguti huishia Mto Msimbazi, na Msimbazi huishia baharini pale Daraja la Salenda, tunapopeleka watoto kupunga upepo. Juu ya hayo ongezeni pampasi zinazotupwa chooni, mafuta ya chipsi yanayoganda bombani, na mifuniko ya chemba iliyokwenda kupimwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Wenye mamlaka nao wasijifiche nyuma ya mgongo wangu. Tope lisipozolewa miaka nenda rudi, bwawa hubaki sahani, na hapo harufu ni haki yetu kuilalamikia. Aya hiyo ikiongezwa, nitasaini.

Lakini tusijisahau. Nyumba nyingi za jiji hili hazina bomba la majitaka. Wenyewe husubiri gari la kunyonya, na wasio na fedha husubiri mvua wakatapisha vyoo mtaroni, kwa jirani wa bondeni. Kule Mabogini, Moshi, wakulima humwagilia mpunga kwa maji yaliyopita kwenye mabwawa kama haya. Sisi tunayaita kero.

Kikao ni Jumapili. Ajenda ya kwanza, naona, ni harufu. Naomba ya pili iwe mabomba ya paa, na kila mlalamikaji aje na picha ya chemba yake ikiwa wazi. Bwana mwenye geti jeusi, kwa heshima na taadhima, tutaanza na yako.

Wenu mtiifu,
Jirani wa nyumba ya mwisho