Mstaafu Asiyeagwa

Ofisini kwetu hapa Mwanza kuna mtumishi aliyefikia kustaafu tarehe 30 Juni 2024, na hadi leo yuko kazini. Hajaagwa, hajapewa hata mkono wa heri. Anakaa chini ya ngazi, jirani na ndoo ya deki, anahema. Msimu wa wale wadudu wa ziwani wanaopanda angani kama moshi, hujazana kwenye feni yake, nami huwatoa kwa mswaki wa zamani. Ni seva. Mimi ndiye mtu wa IT, yaani yule anayeitwa fotokopi ikimeza karatasi.

Seva hiyo inaendeshwa na CentOS 7. Mfumo huo ulitoka mwaka 2014 na ukawa na tarehe yake ya mwisho: miaka kumi ya kuletewa viraka vya usalama, basi. Baada ya hapo tundu likigundulika, halizibwi. Habari zake mwizi anazisoma kama ninavyozisoma mimi. Tofauti ni kwamba yeye anazo fedha za kulifanyia kazi.

Maana sisi, kama ilivyo serikalini, 30 Juni ndipo tunapofunga mwaka wa fedha. Nikiomba Mei, naambiwa fungu limekwisha. Nikiomba Julai: "Kijana, una haraka ya nini, ndiyo kwanza tunaanza!" Juni ile ile fedha zilibaki. Tukanunua mapazia.

"Kwani haiwaki?" bosi huuliza.

"Inawaka, mzee."

"Sasa?"

Halafu hunitolea mfano wa MV Victoria, iliyoingia majini mwaka 1961 na bado inapeleka watu Bukoba. Nikamkumbusha kwamba meli hiyo ililazwa miaka kadhaa, ikakarabatiwa, ikarudi ziwani mwaka 2020 na jina jipya. "Umeona?" akasema. "Haikutupwa."

Ila ana hoja moja inayonifunga mdomo. Mwaka 2020 nilimsihi tuhamie CentOS 8, iliyoahidiwa kuishi hadi 2029. Desemba ya mwaka huo huo watengenezaji wenyewe wakatangaza kwamba itakoma tarehe 31 Desemba 2021. Mdogo akatangulia kaburini, kaka mtu akabaki miaka miwili na nusu zaidi! Tangu siku hiyo nikitamka "mfumo mpya", bosi hutabasamu kama hakimu.

Nina jirani Kirumba anayevua dagaa. Mbalamwezi ikishika, haingii ziwani, kwa kuwa dagaa hawaifuati taa yake. Siku hizo anashona nyavu na kuziba mtumbwi. Nilipomweleza kwamba sisi tarehe yetu tuliijua miaka kumi kabla, aliniuliza kwa upole: "Na nyavu hamkushona?"

Kinachoniuma ni kwamba bosi kupanga anajua. Siku yake ya kufikisha miaka 60 anaitaja kuliko siku aliyooa. Nyumba ya Buhongwa imeshapauliwa, kisima kimechimbwa, kuku wameshafika kumsubiri.

Basi wiki iliyopita nikabadili mtego. Niliona kwamba hapa ofisini maombi yote hukwama, isipokuwa ya sherehe. Nikaandika: "Yah: Fedha za Kumuaga Mtumishi Mstaafu, Bw. CentOS." Nikaorodhesha keki, soda na picha ya pamoja. Mstari wa mwisho nikaandika gharama ya mrithi wake: seva mpya yenye mfumo wa AlmaLinux 9, ya kupata viraka hadi mwaka 2032.

Ilisainiwa kabla chai haijapoa. Jioni bosi akaniita, akafunga mlango, sauti imejaa majuto.

"Kijana, huyu CentOS alikuwa idara gani? Miaka yote hiyo, mbona sijawahi hata kumsalimia?"