Namna ya Kumaliza Wiki Ukisomea Nyumbani Bila Kugeuzwa Mlinzi wa Geti

Kijana unayesomea nyumbani Dar es Salaam una vitabu vya kusoma na msururu wa watu wa kukutuma. Mama anataka upokee mtungi wa gesi. Mama wa nyumba ya pili anataka umwangalizie mtoto dakika mbili tu. Fundi bomba ameshaambiwa atakukuta. Hoja yao wote ni moja: wewe si upo tu nyumbani? Mwongozo huu unakusaidia kufika Jumapili ukiwa umesoma. Fuata kila kanuni kama ilivyo, hata ile ya viatu.

Kwanza ujue unakokwenda. Elimu ya msingi ni ya lazima kisheria, kwa hiyo maneno haya ni ya aliyemaliza darasa la saba asiendelee na shule, iwe kwa ugonjwa, kwa kuhamahama kwa wazazi au kwa uamuzi wa familia. Njia yako kuu ni Mtihani wa Maarifa, ambao wengi tunauita QT, chini ya Baraza la Mitihani la Tanzania. Ukiufaulu, unaruhusiwa kujisajili kwa mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, na namba yako itaanza na P badala ya S. Usajili hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka, na anayechelewa hulipa faini. Andika tarehe hiyo ukutani kabla hujaandika ratiba.

Jumatatu: vaa viatu

Oga, vaa nguo za kutokea, funga kamba za viatu. Mwenye kandambili hutumwa dukani. Mwenye viatu huulizwa kwanza anakwenda wapi, na hapo ndipo unapopata nafasi ya kujibu kwamba unakwenda darasani. Saa mbili kamili uwe mezani. Anza na hisabati, kichwa kikiwa bado hakijachoka.

Nje ya mlango bandika ratiba, na chini yake karatasi tupu ya maombi. Chumvi, luku, vocha, kumpeleka mdogo wako kwa bibi: kila mwenye haja aandike, nayo isomwe saa saba mchana. Jirani akigonga, toka umsalimie vizuri. “Shikamoo mama. Niko darasani mpaka saa saba, nikimaliza nakuja.” Halafu saa saba uende kweli. Usipokwenda Jumatatu, Jumanne hakuna atakayekubali kusubiri.

Jumanne: hamia jikoni

Maabara ndiyo pengo kubwa la anayesomea nyumbani, na kukariri hakulizibi. Anza na vilivyopo. Chemsha choya kavu, chuja, acha maji yake yapoe, kisha yagawe kwenye bilauri tatu. Ya kwanza kamulia ndimu: wekundu unakolea. Ya pili tia maji ya magadi kidogo kidogo: wekundu unakufa, inakuja rangi ya zambarau, halafu ya kijanikijani. Ya tatu usiiguse, iwe ya kulinganishia.

Sasa chukua ndimu nyingine uikamulie kwenye bilauri ya magadi, tone baada ya tone. Mapovu yanayopanda ni gesi ya kaboni dayoksaidi, na ukiendelea kukamua utaona wekundu ukirudi. Hapo umeona asidi na besi zikikutana na kumalizana nguvu. Andika ripoti kwa Kiingereza, kwa kuwa mtihani utakuuliza kwa Kiingereza. Mwaga vilivyomo kwenye bilauri, zioshe, na magadi yaliyobaki yarudishe kabla mwenye maharage hajayaulizia. Kwa majaribio yanayotaka vifaa na kemikali kali, mzazi azungumze na shule au kituo chenye maabara. Jikoni hapafai kwa hayo.

Jumatano: tafuta wa kubishana naye

Mjomba akikuuliza kama hupungukiwi na marafiki, mweleze ukweli. Marafiki wa mtaani unao. Adimu ni mtu wa rika lako wa kukuambia kwamba jibu lako si sahihi. Kwa hiyo alasiri ya Jumatano kutaneni barazani na wenzako wanaotoka tuisheni. Kila mmoja afundishe mada moja daftari likiwa limefungwa, na wengine wamuulize maswali mpaka akwame. Kukwama ndiko mlikokutania. Aliyekwama aondoke na mada hiyo, aje kuifundisha tena wiki ijayo. Kisha mcheze mpira, nao uandikwe kwenye ratiba.

Alhamisi: toka

Nenda Maktaba Kuu ya Taifa, Barabara ya Bibi Titi Mohamed, iliyofunguliwa mwaka 1967. Kwenye daladala, konda anatazama sare, na wewe huna. Usigombane naye gari likiwa linaondoka. Lipa nauli ya mtu mzima, iingize kwenye bajeti ya masomo kama unavyoingiza daftari, na usafiri baada ya saa tatu, watu wa kazini wakishapita.

Siku nyingine ya Alhamisi nenda Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert. Hapo ndipo linapohifadhiwa fuvu la Zinjanthropus, lililopatikana Olduvai na Mary Leakey mwaka 1959. Uliza maswali, andika majibu. Mada ya chimbuko la binadamu ambayo wenzako wanaisoma kwenye kitabu, wewe unaweza kuifuata kwa nauli ya daladala.

Ijumaa: kaa chumba cha mtihani

Mwanafunzi wa shule ana alama za maendeleo zinazompunguzia mzigo. Mtahiniwa wa kujitegemea anabebwa na karatasi ya siku hiyo peke yake, ndiyo maana Ijumaa ni siku ya mazoezi. Chukua mtihani wa miaka iliyopita na uufanye kwa muda ulioandikwa juu yake. Simu zote zikusanywe, pamoja na ya msimamizi, hata kama msimamizi ni baba.

Usijisahihishie. Mpe mwalimu anayejua somo, mmlipe hata kama ni wa familia. Kisha soma taarifa za uchambuzi wa majibu ambazo Baraza la Mitihani huziweka bure kwenye tovuti yake. Zinaeleza, swali kwa swali, watahiniwa walikosea wapi na kwa nini. Ukigundua mada iliyokupita, vitabu vya kiada vinasomeka bure kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania.

Jumamosi: sasa tumwa

Jumamosi ni ya nyumba, na usiikwepe. Osha, fua, nenda soko la samaki Feri mapema. Simama kwenye mnada, sikiliza bei ya fungu la vibua inavyopanda, na ukokotoe faida ya mchuuzi akishatoa usafiri na barafu. Muulize mvuvi leo ni bamvua au maji mafu, kisha usiku utazame mwezi. Mwezi mchanga na mwezi mpevu huleta bamvua, na ukishalielewa hilo ufukweni, mada ya maji kupwa na kujaa haitakusumbua tena.

Jumapili: pumzika, halafu toa hesabu

Jioni andika ukurasa mmoja: nilichojifunza, kilichonishinda, ninachohitaji. Usome mbele ya wazazi, nao waujibu kwa vitendo: mwalimu, kitabu, nauli. Bila ukurasa huo miezi itapita, na kila mtu nyumbani ataamini kwamba mwingine anafuatilia.

Neno la mwisho ni lako, mzazi. Ukimsomesha mtoto nyumbani, kazi za mwalimu mkuu, mwalimu wa zamu na mlinzi zimekuangukia wewe. Kijana ana utashi, lakini hana mamlaka ya kumwambia shangazi yake asubiri; hayo unayo wewe. Kama hakuna mtu mzima nyumbani aliye tayari kuzilinda saa zake kila asubuhi, mtafutie shule, na ufanye hivyo muhula huu.