Kioo ni Mtu Mzima

Ukitaka kujua Lanet ina wataalamu wangapi wa vioo vya magari, endesha gari lenye ufa kwenye kioo cha mbele. Miaka yote nilidhani majirani zangu ni wanajeshi wastaafu, walimu, wauza mboga na wafugaji wa kuku. Lori la kokoto liliponirushia kijiwe pale Mbaruk, niligundua kwamba kila mmoja wao alizaliwa na shahada ya vioo, ila hakuna aliyewahi kumuuliza.

Kijiwe chenyewe kilikuwa cha kudharauliwa. Kiligonga "ta!", kikaacha kidoa upande wa abiria, lori likaenda zake Nakuru bila habari. Lakini asubuhi za Lanet mwezi wa Julai si za mchezo. Ukiwasha hita, kioo kinapata joto ndani huku nje bado kimelowa umande, na kidoa kinaanza safari. Kufikia Jumapili ufa ulikuwa umevuka katikati na kushika njia ya kuja upande wa dereva. Sajini mstaafu wa nyumba ya pili alishauri nipake rangi ya kucha. Mama wa duka akaleta stika ya kanisa lao: "Bandika hapo, mwalimu. Ufa hauvuki jina la Bwana." Ulivuka, tena Jumatatu.

Hata askari wa barabarani aliyenisimamisha hakuuliza leseni. Alipitisha kidole kwenye ufa, akasikitika kwa dhati. "Mwalimu, ukibadilisha weka orijino. Mimi langu niliweka cha China, usiku naona lori moja lina taa nne." Nilimshukuru, nikaondoa gari kabla hajakumbuka kazi yake.

Basi mtaa ukagawanyika. Kambi ya Japan, ikiongozwa na sajini, ilishika kwamba kioo ni kile kilichotoka na gari, na kingine chochote ni karatasi ya nailoni. Kambi ya China, mwenyekiti wake shemeji yangu, ilisema dereva hutazama barabara, hatazami jina la kiwanda. Na shemeji si mjinga hata kidogo. Kampuni ya Fuyao, aliyoianzisha Cao Dewang huko Fujian mwaka 1987, huwauzia vioo watengenezaji wakubwa wa magari, vifungwe kiwandani gari likiwa jipya. Kiwanda chake cha Ohio, Marekani, ndicho kilichopigiwa filamu ya American Factory, iliyopata tuzo ya Oscar mwaka 2020. Kwa hiyo mtu anaweza kuapa kwa kioo chake orijino, kumbe anaapa kwa Mchina.

Nilimpelekea sajini hoja hii. Alitafuna mua wake mpaka ukaisha, ndipo akajibu: "Hiyo ni China ya wazungu. Inayoshuka Nakuru ni China nyingine." Nami sikuwa na la kumjibu, kwa sababu hapo ndipo penye tofauti yenyewe. Cha orijino kimefuata michoro na vipimo vya mtengenezaji wa gari. Cha dukani mara nyingi kimefuata umbo la kioo kingine, na kiwanda kizuri hukifuata vizuri, kiwanda kibovu hukipinda kidogo pembeni ukaanza kuona nguzo za stima zikicheza.

Vyote viwili lakini ni wajukuu wa babu mmoja. Mwaka 1903 mkemia Mfaransa, Édouard Bénédictus, aliangusha chupa ya maabara ikapasuka isitawanyike, kwa kuwa ndani mlikuwa mmebaki utando wa dawa iliyokauka. Mwaka 1909 akasajili haki ya uvumbuzi wake. Hadi leo kioo cha mbele ni vioo viwili vyembamba vilivyoshikwa na utando wa plastiki katikati, ndiyo maana changu kilipata ufa badala ya kunimwagikia mapajani. Mtu pekee katika habari hii aliyeangusha kitu kikaleta faida.

Nilikwenda mjini Nakuru kuuliza bei. Muuzaji, kijana mchangamfu wa kutisha, alinionyesha maandishi madogo kwenye kona ya kioo: "Mwalimu, soma mwenyewe. 43R. Arobaini na tatu ni Japan!" Alikuwa na ukweli nusu, na nusu ni mbaya kuliko uongo mzima. Namba ya nchi hukaa ndani ya duara, kando ya herufi E, na kweli Japan ni 43. Lakini 43R iliyo nje ya duara ni namba ya kanuni ya Umoja wa Mataifa inayohusu vioo vya magari, na kila kioo kilichopitishwa kwa kanuni hiyo kinayo, kitoke sayari yoyote. Ndani ya duara la huyu mlikuwa na 4. "Nne ni Uholanzi," nikamwambia. Hakutikisika. "Basi ni bora zaidi, mkubwa. Ni cha Ulaya!" Kumbe namba hiyo hutaja tu nchi iliyokipitisha, haisemi kilikotengenezwa. Nilimwachia Ulaya yake.

Kama gari langu lingekuwa Probox ya zamani ningechukua kile kile, nikampa shemeji ushindi. Shida ni kwamba Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, kwa hiyo mitumba yetu inazidi kuwa mierevu. Fielder yangu ni ya zile zilizotolewa baada ya Toyota kuanza kuzifunga kamera nyuma ya kioo mwaka 2015. Kamera hiyo husoma mistari ya barabara kupitia kioo. Kioo kikiwa na mawimbi, au kishikio cha kamera kikiwa kimekaa upande, inasoma uongo. Nikapiga simu kwa wakala wa bima. Alisema bima yangu kubwa inalipia kioo hadi shilingi 30,000, na kwamba kuhusu kamera angeuliza ofisini anipigie. Kioo kipya cha kampuni kilivuka kiasi hicho kwa mbali.

Ikabaki njia ambayo kambi zote mbili zilikuwa zimeisahau: mtumba wa Japan, kioo kilichobanduliwa kwenye Fielder iliyokatwa, pamoja na kishikio chake cha kamera. Kilipatikana Kirinyaga Road, Nairobi. Kukileta Lanet ndiko kulikonitoa jasho. Makanga wa matatu alikitazama, akanitazama, akasema, "Hicho nauli yake kamili. Kioo ni mtu mzima, hakibebwi mapajani." Kikakaa dirishani kimefunikwa blanketi, mimi nikiwa nimekikumbatia. Mama mmoja aliyekuwa akienda Eldoret alikigeuza meza ya kumenyea machungwa tulipofika Naivasha. Gilgil akauliza kinashukia wapi ili apate kunyoosha miguu.

Kwa maoni yangu watu hugombania kioo bure wakasahau gundi. Kioo cha mbele husaidia kushikilia paa gari likipinduka, na kwenye magari mengi mfuko wa hewa wa abiria hukiegemea ukifumuka. Kinachokizuia kisiruke ni gundi ya poliurethani, nayo inataka saa zake za kukauka. Fundi wangu alitokea na silikoni ya kuzibia sinki. "Nusu saa unaenda, mkubwa." Nikaketi juu ya boneti, nikakataa kushuka mpaka gundi halisi ilipoletwa kwa boda boda. Alikifunga kioo vizuri ajabu, akinung'unika kwamba walimu wanapenda kusahihisha hata visivyo vyao.

Kamera ilihitaji fundi mwingine, mwenye kompyuta. Alisawazisha gari kwenye sakafu, akapima mita kwa uzi, akasimamisha ubao wenye michoro myeusi na myeupe mbele ya gari. Wapita njia wakajaa. Ilikuwa kama Fielder imepelekwa kupimwa macho, na kijana mmoja akapaza sauti kuiambia isome mstari wa mwisho. Taa ya onyo ikazimika. Ujumbe ukatokea kwa Kijapani, fundi akautafsiri: "Imesema iko sawa." Sijui aliusomaje.

Jumapili iliyofuata nilimpeleka mama mkwe kanisani mjini. Alikaa mbele, wima, mkoba mapajani, nasi tukanyamaza kwa heshima zote za mtu na mama mkwe wake. Tulipopita Free Area matatu ikatubana, nikakanyaga mstari, gari likaanza kulia pii, pii, pii. Nikarudi katikati, likanyamaza. Nyingine ikatubana, likalia tena. Mama mkwe alivumilia mpaka akashindwa.

"Baba Njeri, pokea hiyo simu. Labda ni wale watu wako wa bima."