Silaha Sita za Msemaji, Kuanzia Butu Hadi Kali

Orodha hii imepangwa kwa haki tupu, yaani nimeipanga peke yangu bila kumuuliza mtu. Ukiona nimekosea, bisha. Namba nimeziweka kwa ajili hiyo.

6. Kusoma slaidi. Umewapa watu maandishi, kisha unawasomea yaleyale, tena umewapa mgongo. Wao wameshafika mstari wa mwisho, wewe bado uko kwenye kichwa cha habari. Hukumu: tutumie faili, tukawahi daladala.

5. "Itifaki imezingatiwa." Maneno mawili yanayookoa robo saa ya vyeo. Kisha anatokea yule anayeitaja meza kuu yote, kuanzia mgeni rasmi hadi mwenyekiti wa kamati ya chakula, ndipo anatangaza kuwa itifaki imezingatiwa. Hukumu: kufungua mwavuli ukiwa umeshalowa.

4. "Sijawasikia!" Salamu inarudiwa mpaka ukumbi upige kelele. Kwenye kampeni sawa, hoyee ndiyo ajenda yenyewe. Mbele ya ofisa mikopo, thubutu! Hukumu: waachiwe MC na wagombea.

3. Urefu. Hapa kuna mabingwa wa dunia. Fidel Castro, Umoja wa Mataifa, 1960: karibu saa nne na nusu. Krishna Menon wa India alikuwa ameshamwacha mbali mapema kabisa, 1957, akiizungumzia Kashmir mbele ya Baraza la Usalama: karibu saa nane, kwa siku mbili, na katikati akaanguka. Rais William Henry Harrison wa Marekani, 1841, alisoma maneno zaidi ya 8,000 kwenye baridi bila koti. Mwezi mmoja baadaye akafariki. Wapo wataalamu wanaosema hotuba haikuhusika. Mimi bado naishuku. Hukumu: medali ya shaba, na mtu aite daktari.

2. Ufupi. Gettysburg, Marekani, 1863. Msemaji mkuu, Edward Everett, alizungumza saa mbili. Akafuata Rais Abraham Lincoln na maneno 270 hivi, akakaa. Kesho yake Everett mwenyewe alimwandikia barua kukiri kuwa amezidiwa. Najua utafoka: mbona si namba moja? Kwa sababu wapo wanaosema kwa dakika mbili na bado wanatuchosha. Hukumu: fedha, na kelele zako nimezisikia.

1. Mambo matatu, basi. Novemba 1978, majeshi ya Idi Amin wa Uganda yameshaingia Kagera. Mwalimu Nyerere anaiambia nchi kwamba Tanzania ina uwezo wa kumpiga, ina sababu na ina nia. Angalia ujanja wake: kila neno linajibu swali ambalo msikilizaji tayari analo kichwani. Tutaweza? Kwa nini tupigane? Tumeamua kweli? Hata anayeomba mtaji wa banda la kuku ataulizwa hayohayo. Hukumu: dhahabu. Unabisha? Muulize mjomba yeyote aliyekuwa na redio siku zile. Ila jipange, atakuigizia na sauti.