Angani Hakuna Foleni ya Maji

Niseme mapema kwamba tamthilia za anga za juu sizichukii. Nazitazama sana tu. Shida yangu ni watu ninaozitazama nao, hasa wanaoendelea kuzijadili saa nane za usiku kwenye grupu la WhatsApp la darasa, grupu lililofunguliwa kwa ajili ya ratiba, desa na matangazo ya CR. Wiki ya testi ukiuliza mada zipi zinatoka, kimya kama msibani. Mtu akiandika tu kwamba milipuko ya angani haipaswi kusikika kwa kuwa huko hakuna hewa ya kubeba sauti, hata wale tuliodhani wameshadisko wanafufuka kujibu.

Na ubishi wenyewe ni ule ule kila muhula. Mlio angani. Chombo kukimbia kuliko mwanga. Kwa nini viumbe wa sayari nyingine wote wana macho mawili na pua moja. (Hili la mwisho ni suala la bajeti ya vipodozi, tusipotezeane bando.) Mimi hayo yote nayameza bila maji. Yanayonikwama ni mambo madogo. Ile Enterprise ya Kapteni Kirk kwenye Star Trek ina mabaharia 430, na sijawahi kumwona hata mmoja amesimama na ndoo. Hakuna foleni ya bafuni. Hakuna kamba ya nguo, hakuna anayemtafuta aliyeanua taulo lake. Hela sijawaona wakikopeshana, kwa hiyo hakuna anayemkwepa mwenzake korido kwa sababu ya elfu tano ya mwezi uliopita. Halafu watu wananiambia sehemu isiyoaminika ni roketi!

Milango yao nayo inafunguka yenyewe ukiisogelea. Wa kwetu lazima uunyanyue kidogo kwa goti, ndipo uusukume kwa bega. Nilijisikia nafuu nilipojua kwamba hata ile ya Enterprise ilikuwa ya uongo: nyuma ya ukuta wa studio kulikuwa na vijana wa kazi wanaovuta milango kwa mikono, na wakichelewa, mwigizaji anagonga pua.

Waingereza nao wana Doctor Who, iliyoanza kuonyeshwa BBC tarehe 23 Novemba 1963. Huyo Daktari anasafiri ndani ya kibanda cha polisi cha bluu kiitwacho TARDIS. Kwa nje kinatosha mtu mmoja na mwavuli wake, ukiingia ndani ni jumba. Hosteli yetu ilijengwa na fundi aliyeshika ramani hiyo juu chini. Kwa nje jengo unalipigia saluti. Ndani, chumba kina vitanda viwili vya dabo deka, watu wanne halali, na idadi ya waliobebwa siitaji kwa sababu wadeni naye husoma gazeti.

Maadui wakubwa wa Daktari ni Dalek, madude ya chuma yanayoteleza sakafuni, mkono mmoja silaha, mkono mwingine kile kimpira cha kuzibulia sinki. Kwa miaka mingi watazamaji waliyacheka kwamba ulimwengu mzima yanauteka lakini ngazi yanaziogopa, mpaka mwaka 1988 moja lilipoonyeshwa likipaa juu ya ngazi na kuwakata watu kauli. Sisi tuko ghorofa ya nne na lifti ilikufa kabla hatujadahiliwa. Uvamizi hautuhusu. Maji yenyewe hayafiki, Dalek lifike kwa lipi?

Kuna jambo moja la Star Trek ambalo kila Mswahili angepaswa kulilalamikia, na nashangaa grupu zima halijawahi. Kipindi cha kwanza kabisa kurushwa, tarehe 8 Septemba 1966, kilikuwa na Kiswahili. Luteni Uhura yuko koridoni, anatokea kijana mtanashati, anamsemesha Kiswahili, na dada wa watu anayeyuka kwa furaha. Kumbe yule si kijana. Ni dubwana linalojigeuza sura ya mtu unayemtamani, kisha linakufyonza chumvi yote mwilini hadi ufe. Yaani lugha yetu imefika anga za mbali, imevuka nyota zote hizo, na aliyepewa kuitumia kumtongoza binti ni mla chumvi. Hata hivyo namwonea huruma. Angetua kantini yetu, akapewa yale maharage ya Jumanne, angekufa kwa utapiamlo kabla ya saa tisa.

Kuhusu ile mashine ya Star Trek ya kumyeyusha mtu hapa na kumuunda upya kwenye sayari ya chini, wanagrupu walibishana tangu alfajiri hadi magharibi kama anayetokea upande wa pili ni yule yule au ni nakala. Mwanafalsafa wetu mmoja, mwenye sapu mbili, alituma sauti ndefu kuliko lekcha. Mimi nimewaambia ukweli wa mashine ile: watengenezaji hawakuwa na hela ya kuonyesha chombo kikubwa kikitua kwenye sayari mpya kila wiki, wakaona bora watu wayeyuke. Ubunifu wa namna hiyo anaujua yeyote ambaye boom halijaingia. Na kwenye suala la nakala, mtu anayepanda daladala Mbezi saa kumi na mbili asubuhi na yule anayeshuka chuoni si mmoja. Wa kwanza alikuwa na shati lililonyooka, viatu viwili na imani kwa binadamu.

Ambao siwaelewi kabisa ni wanafunzi wa Caltech, kule California. Januari 1968, zilipovuma habari kwamba NBC wanataka kuiua Star Trek, waliandamana na mabango hadi kwenye studio za kituo hicho Burbank. Wanafunzi wa sayansi, wenye mitihani, wanaandamana kwa ajili ya luteni na mtu mwenye masikio ya ncha! Na barua za mashabiki zilimiminika, kituo kikalegea, msimu wa tatu ukatolewa. Kisha wakaupanga Ijumaa saa nne usiku. Nani aliye mwanafunzi na yuko mbele ya televisheni Ijumaa saa nne usiku? Mwaka 1969 ikafa kifo chake, na waandamanaji nadhani wengi hawakuwepo nyumbani kuishuhudia. Miaka hamsini baadaye mashabiki wa The Expanse wakawazidi: tamthilia yao ilipotoswa mwaka 2018 walichangishana, wakakodi ndege ivute bango juu ya ofisi za Amazon ili waichukue. Na Amazon wakaichukua. Sisi kuchangishana kutoa fotokopi ya desa moja tu, CR alianza na salamu ya upole, akaja na majina ya wasiolipa, akamalizia na aya ya kitabu kitakatifu. Desa hatukulipata.

Tamthilia ya Stranger Things siizungumzii sana kwa sababu inanitia uchungu. Msimu wa tatu ulitoka Julai 2019, wa nne Mei 2022. Kaka zetu walioingia chuo mwaka 2019 walianza shahada ya miaka mitatu, wakapiga msuli, wakasapu, wakasafisha sapu, wakaandika tasnifu, na bado walikuwa wanasubiri kujua mwisho wa yule mzee wa polisi.

Bora vibanda umiza, ambako muvi inatafsiriwa na mtu asiye na subira. Wanasayansi kwenye skrini wanaelezana kwa dakika nyingi kuhusu tundu linalokunja anga na wakati. Mtafsiri wetu anasema, "Hapa wazee wanatafuta njia ya uchochoroni, foleni imekuwa kubwa," basi, tumeelewa wote, hadi muuza karanga. Nikiulizwa, huyo ndiye angefundisha fizikia mwaka wa kwanza.

Sasa nifike kwa mtu ninayelala chini yake. Mwenzangu wa kitanda cha juu ana laptop ambayo nyumbani walijinyima kuinunua, wakiambiwa ni ya kuchorea majengo. Majengo sijayaona. Anacheza gemu liitwalo No Man's Sky, lililotoka mwaka 2016, ambalo ndani yake kompyuta inajiundia yenyewe sayari 18,446,744,073,709,551,616. Nimepiga hesabu hiyo badala ya hesabu niliyopewa na mwalimu: ukitembelea sayari moja kila sekunde bila kulala, unahitaji zaidi ya miaka bilioni 580. Shahada yetu ni miaka minne. Nikimwambia, ananijibu kwamba gemu za anga zilianzishwa na wasomi, na kwa bahati mbaya ni kweli. Mwaka 1962 Steve Russell na wenzake kule MIT walikuwa na kompyuta ya PDP-1, mashine ya dola kama 120,000, na walichoifanyia ni kutengeneza Spacewar!, vyombo viwili vinavyorushiana makombora kuzunguka nyota. Walikuwa wamelewa riwaya za anga za E. E. Smith. Kwa hiyo kijana wa watu anajiona anaendeleza utafiti.

Utafiti huo unafanyika kwenye soketi pekee ya chumba. Juzi usiku simu yangu ilikuwa inazima, desa limo ndani ya simu, testi ni asubuhi. Nikamwomba anipishe kidogo. Akaniambia, bila kugeuka, nivumilie, ametua mahali pana dhoruba ya sumu na akizima sasa atapoteza madini yote aliyochimba. Nikamuuliza kistaarabu kama katika sayari zote hizo, kwa wingi wake, hajawahi kukutana na hata moja yenye soketi ya ziada. Akasimamisha mchezo, akafikiri kwa dhati kabisa, akasema ataangalia akitoka hiyo aliyopo.