Gari Langu Bado Linajiona Otomatiki

Ukitaka kujua una washauri wangapi mjini, waambie unatoa giaboksi ya otomatiki unaweka ya manyuo. Jirani alikuja na kandambili. Shemeji alipiga simu kutoka Dodoma. Binamu yangu, ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli, aliuliza kwa huruma kama kazini kuna shida.

Shida ilikuwa kwenye D. Mark II yangu, GX100 yenye injini ya 1G-FE, ukiiweka D ilitafakari kwanza, ikajikohoza, ndipo ikashtuka na kuondoka. ATF nzima huwa nyekundu. Yangu ilitoka nyeusi inanuka kuungua. Fundi wangu pale Gerezani akainusa, akatikisa kichwa, akasema kununua otomatiki nyingine ya mtumba ni kamari, maana huwezi kujua ina hali gani mpaka uifunge na uilipie. Wajapani wenyewe, akaniambia, waliuza GX100 za gia tano za kukanyaga klachi. "Kila kitu kipo, bosi. Ni kutoa na kuweka."

Hapo kwenye "kutoa na kuweka" ndipo hela yangu ilipozama. Giaboksi kumbe ni kichwa cha familia tu. Ina watu wake: flaiwili nzito ya kushika nafasi ya ile sahani nyembamba ya otomatiki, na bolti zake tofauti, pleti ya klachi, presha pleti, masta silinda, bomba lake, pedeli, na propela ya urefu unaolingana. Halafu kuna kiberingi kinachokaa kwenye ncha ya krenki. Kidogo mno, kiasi kwamba kila muuzaji aliona si saizi ya duka lake, akanielekeza duka la mbele. Duka la mwisho lilinielekeza la kwanza.

Ila vyuma vina adabu. Kinachosumbua ni akili ya gari. Ubavuni mwa giaboksi ya otomatiki kuna swichi inayoiruhusu stata kuzunguka gari likiwa P au N tu. Ukiitoa giaboksi, swichi nayo imekwenda, na gari linabaki linasubiri P ambayo haitakuja tena. Unageuza ufunguo: kimya. Fundi akaunganisha nyaya mbili, stata ikalia, tukapongezana. Swichi ya kwenye pedeli ya klachi, ile inayozuia gari kuwaka hujakanyaga, akasema tutaifunga kesho. Mnaijua kesho ya mafundi.

Sasa uwanja wa gereji una mteremko, na handibreki ilikuwa bado imelegea, kwa hiyo gari likaachwa kwenye gia namba moja. Dogo mmoja pale gereji akapitisha mkono dirishani ili awashe redio. Ufunguo ukaipita redio. Stata ikaling'ang'ania gari zima, likaanza kurukaruka kuelekea kwa mama ntilie. Wateja wawili waliinuka na sahani zao mkononi, mmoja bado anatafuna. Benchi halikuwahi kuinuka. Mama ntilie mwenyewe hakushtuka. Aliendelea kupepea jiko, kisha akauliza benchi nalipa leo au kesho. Fundi akanigeukia, uso umejaa fahari: "Umeona, bosi? Klachi inashika."

Tangu hapo gari linatembea, tena vizuri. Tatizo ni kwamba halijaambiwa. Kontroli boksi inaitafuta giaboksi yake ya zamani, haiioni, basi taa ya O/D OFF inanikonyeza kwenye dashibodi safari nzima kama mjane anayeendelea kupakua chakula cha wawili. Herufi ya N nayo haizimiki. Ninakata spidi ya themanini kuelekea Kibaha, dashibodi inaapa kwamba nimesimama. Taa za rivasi ndizo zilizosahaulika kabisa, kwa sababu zilikuwa zinawashwa na swichi ile ile. Wiki nzima nilirudi nyuma gizani huku mlinzi wa getini akinimulika na tochi yake na kunitukana kwa heshima.

Mafuta kweli yamepungua barabara ikiwa wazi. Kwenye foleni ya Ubungo, mguu wa kushoto unarudisha ile chenji yote. Na vilima vya Goba ni habari nyingine. Dar wote tumezoea magari yasiyorudi nyuma, kwa hiyo bajaji inakuja kusimama unyayo mmoja kutoka bampa lako, dereva anachezea simu. Hajui kwamba kati yake na mimi kuna handibreki, klachi, na dua.

Aliyeimudu ni mke wangu. Alijifunzia manyuo, na sasa mguu wake wa kushoto hauulizi ruhusa. Juzi mkuu wake wa shule alimwomba amwendeshee IST yake hadi benki. Wakakaribia taa za barabarani, mke wangu akakanyaga klachi, mpaka mwisho, kama inavyotakiwa. IST haina klachi. Ina breki, tena pana. Mkuu wa shule akaokota miwani yake chini ya dashibodi, akaivaa upande, akamwuliza kwa upole kama na leseni wamembadilishia gia.